Kutazama Kabla ya Kuchora: Funzo la Art Babbitt kwa Mwalimu

Hapana shaka msomaji atashangaa kukuta habari za mchoraji wa katuni katika kurasa zilizozoea kujadili maandalio ya masomo na zana za kufundishia. Mwanachuo mmoja, siku tulipolitaja jina la mchoraji huyo darasani kwa mara ya kwanza, alimnong'oneza jirani yake kwamba leo mwalimu amechoka kufundisha. Hatukuwa tumechoka. Tulikuwa tukitafuta namna ya kulieleza kosa tulilolitenda sisi wenyewe tulipokuwa walimu wapya, na maisha ya mtu huyo ndiyo yaliyotufanya tulitambue.

Mtu mwenyewe ni Arthur Babbitt, aliyejulikana zaidi kwa jina fupi la Art. Alizaliwa tarehe 8 Oktoba, 1907, mjini Omaha, jimbo la Nebraska, nchini Marekani, akafariki tarehe 4 Machi, 1992. Ni wachache miongoni mwetu waliopata kulisikia jina lake, lakini walioiona kazi yake ni wengi mno. Yule Goofy, rafiki wa Mickey Mouse, mrefu, mwenye masikio ya mbwa na kofia kichwani, ambaye hujikwaa, huomba radhi na kujikwaa tena, alipata mwendo wake na tabia yake kutoka katika penseli ya Babbitt.

Kabla ya kusonga mbele, yatupasa tueleze kwa ufupi jinsi katuni za sinema zilivyotengenezwa katika zama zake. Filamu hupitisha mbele ya macho picha 24 katika kila sekunde. Kila picha imetulia, haina uhai wowote. Jicho la mtazamaji, likipewa picha zinazofuatana kwa kasi na zenye tofauti ndogo ndogo, huziunganisha likaona mwendo. Kwa hiyo dakika moja ya filamu hutaka picha 1,440. Hata pale mchoro mmoja unapopigwa picha mara mbili ili kupunguza kazi, bado hutakiwa michoro 720. Mchoraji mkuu alichora mikao muhimu ya tendo: mkono ulipoanzia, ulipofika kilele, ulipoishia. Wasaidizi wake waliijaza michoro ya katikati. Kisha watu wengine, na katika miaka ile karibu wote walikuwa wanawake, waliinakili kwa wino juu ya karatasi angavu za seluloidi na kuipaka rangi, ndipo ikapigwa picha juu ya mandhari iliyochorwa peke yake.

Ukiiondoa kamera na wino, kanuni inayobaki ni nyepesi, wala haihitaji mashine. Mtoto mwenye daftari na penseli aweza kuigundua peke yake. Na hapa ndipo kosa letu linapoanzia.

Tulikuwa tumemaliza mafunzo ya cheti, tukapangwa katika shule ya msingi ya kijijini, tukapewa Darasa la Tatu lenye watoto zaidi ya 80. Miongoni mwao alikuwamo mvulana mmoja aliyeketi nyuma, karibu na dirisha. Kusoma kwa sauti kulimshinda, na hesabu zake aliziacha nusu nusu. Siku moja, tukiwa katikati ya somo la kuzidisha, tulimwona ameinama, akipitisha kidole gumba pembeni mwa daftari lake, na wenzake wawili wakimtazama kwa furaha kubwa. Tulilichukua daftari. Katika pembe ya chini ya kila ukurasa alikuwa amechora kuku. Kuku yuleyule, ukurasa baada ya ukurasa. Hatukuuliza neno. Tulizichana kurasa zile mbele ya darasa, tukasema, “Huyu ndiye fundi wetu wa kuku.” Darasa likacheka. Tangu siku hiyo watoto walimwita Kuku, na sisi hatukuwakataza. Hakunyosha mkono tena katika somo letu hata mara moja. Mwisho wa muhula tuliandika katika ripoti yake: mzito, mchezaji, hana bidii. Mwaka uliofuata wazazi wake walihama, naye akaenda nao.

Miaka kadhaa ilipita. Tulijiendeleza hadi stashahada, tukawa wakufunzi. Siku moja, tukisaidia kupanga vitabu vya msaada vilivyoletwa maktabani, tulikuta kitabu kinene cha michoro alichokitoa Richard Williams mwaka 2001, kinachofundisha ufundi wa katuni za sinema. Tulikifungua tukitumaini kupata vielelezo vya kuchora ubaoni. Tukakuta mtu anayetembea, mchoro baada ya mchoro, mguu ukiinuka, ukipita, ukishuka. Papo hapo tukamkumbuka kuku. Mtoto yule hakuwa akirudia mchoro mmoja kwa uvivu wa mawazo. Alikuwa amemchora kuku anayekimbia, na kile kidole gumba pembeni mwa daftari kilikuwa kikimkimbiza. Sisi tuliokuwa na elimu ya ualimu tulilishika daftari lile mikononi mwetu, tusiione kazi iliyokuwamo.

Katika kitabu hicho mna majina ya wazee kadhaa waliomfundisha Williams, na moja linalorudi mara kwa mara ni la Art Babbitt. Hapo ndipo tulipoanza kuzifuatilia habari zake.

Babbitt alikulia Sioux City, jimbo la Iowa. Alitamani kuwa tabibu wa maradhi ya akili, lakini hali ya nyumbani haikumruhusu. Akiwa bado kijana alikwenda New York kutafuta riziki, akaanza kwa kuchora matangazo ya biashara. Baadaye aliingia katika karakana ya Paul Terry, iliyokuwa ikitoa katuni fupi za sinema, na mwaka 1932 akahamia California kujiunga na karakana ya Walt Disney mjini Los Angeles. Udaktari aliukosa, lakini hamu ya kujua kwa nini mtu hutenda kama atendavyo haikumtoka. Aliihamishia katika viumbe wa karatasi.

Wakati huo wachoraji wengi wa katuni walifanya kazi kwa mazoea. Kichwa kilikuwa duara, tumbo lilikuwa duara jingine, na mikono na miguu ilipindapinda kama mpira wa kumwagilia maji, haina kiwiko wala goti. Watazamaji walicheka, mishahara ililipwa, na hapakuwa na mtu aliyelalamika. Babbitt hakuridhika. Aliwaalika wenzake nyumbani kwake jioni, akamweka mbele yao mtu halisi, wakakaa na kumchora: jinsi uzito wake unavyoegemea mguu mmoja, jinsi bega linavyoshuka pale nyonga inapopanda. Idadi ya waliohudhuria ikaongezeka. Habari zilipomfikia Disney, aliyahamishia mafunzo hayo katika karakana yake na kuyagharimia, na mnamo Novemba 1932 mwalimu wa sanaa Don Graham, kutoka chuo cha sanaa cha Chouinard, akaanza kuwafundisha wachoraji hao nyakati za jioni. Mengi yaliyosifiwa baadaye katika filamu ndefu za karakana ile yana mizizi yake katika madarasa hayo.

Tunawaomba wanachuo walitafakari jambo hili. Watu hao walikuwa na ajira na sifa tayari. Hata hivyo walikubali kurudi kuwa wanafunzi baada ya saa za kazi, kwa sababu mmoja wao aliwaonyesha kwamba walikuwa wakichora vitu ambavyo hawajavitazama.

Tuje sasa kwa Goofy. Kiumbe huyu hakubuniwa na Babbitt. Alionekana kwanza mwaka 1932 katika filamu fupi iitwayo Mickey's Revue, akiwa mtazamaji tu katika ukumbi, akiwaudhi majirani kwa kicheko chake. Alikuwa kicheko kilichovikwa nguo. Mwaka 1934 Babbitt aliandika uchambuzi wa tabia yake kwa ajili ya wachoraji wenzake, na uchambuzi huo ukatumika kufundishia. Alieleza namna Goofy anavyofikiri, mambo yanayompa haya na mambo anayoyaamini. Alimweleza kuwa ni mwenye adabu na mwepesi wa kuomba radhi, ambaye makosa yake humtahayarisha, naye hujaribu kuyafunika kwa kicheko. Alisema kwamba machoni pa Goofy vitu visivyo na uhai vina roho na nafsi zake. Kisha akaueleza mwili: mgongo unaopinda upande usiotarajiwa, magoti yaliyolegea, mtu anayekanyagia visigino huku vidole vya miguu vikielekea juu.

Mwaka 1936 uchambuzi huo ulionekana ukitenda kazi katika filamu fupi ya Moving Day. Goofy anajaribu kupakia kinanda kikubwa juu ya gari, na kinanda kinarudi ndani ya nyumba kila anapogeuka. Mchoraji wa mazoea angemfanya Goofy aanguke mara tano, basi. Goofy wa Babbitt anabishana na kinanda, anakivizia, anajaribu kukihadaa kama ahadaavyo mtu. Mtazamaji hucheka, lakini wakati huohuo amemjua Goofy. Katika mwaka huohuo Babbitt alimchora panya wa shamba aliyelewa katika filamu ya The Country Cousin, iliyopata tuzo ya Oscar. Baadaye alimchora malkia mwovu katika Snow White and the Seven Dwarfs ya mwaka 1937, na mzee Geppetto katika Pinocchio ya mwaka 1940. Katika Fantasia, ya mwaka 1940 pia, alichora ngoma ya uyoga isiyozidi dakika moja na nusu, ambamo uyoga mdogo kuliko wote daima huchelewa, hukosea zamu, hukimbia kuwafikia wenzake. Mwalimu yeyote wa Darasa la Kwanza akiutazama uyoga ule atamtambua mtoto fulani katika mstari wake wa asubuhi.

Hata hivyo, tusimfanye mtu huyu malaika. Uchambuzi ule wa mwaka 1934 tuliusoma kwa furaha mpaka tulipofika pale Babbitt anapoorodhesha aina za watu ambao Goofy ni mchanganyiko wao. Miongoni mwao anamtaja kijana Mweusi mvivu mwenye moyo mwema, na mshamba. Tuliuweka ukurasa chini kwa muda. Vilevile uyoga ule wa Fantasia umepewa sura za Wachina kwa namna ya mzaha uliozoeleka katika sinema za Marekani za enzi hizo.

Tulijiuliza iwapo inafaa kuyaleta haya mbele ya wanachuo, au tuyapite kimya. Tumeyaleta, kwa kuwa ndani yake limo funzo kubwa kuliko sifa zote tulizozitaja. Angalieni jinsi karatasi ile moja ilivyobeba mambo mawili yasiyofanana. Mgongo uliopinda, haya ya mtu aliyekosea, vidole vya miguu vilivyoelekea juu, hayo Babbitt aliyatazama kwa jicho lake. Lakini “Mweusi mvivu” hakumtazama. Alimkuta tayari ametengenezwa, katika maigizo, katika sinema na katika vinywa vya watu wa nchi yake, akamchukua kama alivyo. Mtu aliyewafundisha wenzake kuacha kuchora kwa mazoea, katika sentensi ile moja alichora kwa mazoea.

Nasi je? Tulipoandika “mzito, mchezaji, hana bidii”, tulikuwa tumemtazama nani? Maneno yale tuliyakuta katika ripoti zilizoandikwa na walimu waliotutangulia, na baadhi yao waliyaandika katika ripoti zetu wenyewe tulipokuwa wadogo. Tuliyachukua kama yalivyo, tukambandika mtoto.

Sura inayofuata ya maisha ya Babbitt ni ngumu zaidi. Kufikia mwaka 1941 yeye alikuwa miongoni mwa wachoraji waliolipwa vizuri sana katika karakana ya Disney. Chini yake walikuwapo wasaidizi wake na wale wanawake wa wino na rangi, ambao baadhi yao hawakufikia dola 20 kwa juma. Hapo kwanza Babbitt aliongoza chama cha wafanyakazi kilichokuwa ndani ya kampuni. Alipoona kwamba chama hicho hakina nguvu ya kudai lolote, alikihama na kujiunga na chama huru kiitwacho Screen Cartoonists Guild, akawa mmoja wa viongozi wake. Mwishoni mwa Mei 1941 kampuni ilimfukuza pamoja na wanachama wengine, na mara moja wafanyakazi kwa mamia waligoma, wakasimama langoni na mabango. Mgomo ulichukua majuma kadhaa, na mwisho wake kampuni ilikitambua chama.

Kwa Babbitt mwenyewe ushindi ulikuwa na bei yake. Alirudishwa kazini, akaachishwa tena, akaifuata sheria, na sheria ikampa haki. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alitumikia katika kikosi cha wanamaji wa Marekani. Baada ya vita alirejea kwa Disney, mahali ambapo hakuwa akitakiwa tena, kisha akaondoka kabisa mwaka 1947. Kwa miaka mingi jina lake lilitajwa kwa nadra katika historia ya karakana aliyosaidia kuijenga. Hatimaye, mwaka 2007, miaka 15 baada ya kifo chake, kampuni hiyo ilimweka katika orodha ya watu wake mashuhuri.

Hatulisimulii jambo hili ili kuwahimiza wanachuo kugoma. Tunalisimulia kwa sababu tunaona kwamba lina uhusiano na yale madarasa ya jioni ya mwaka 1932. Aliyelizoeza jicho lake kutazama hawezi kuliamuru lisione pale kuona kunapoleta hasara. Babbitt angeweza kuinamia meza yake na kupokea mshahara wake mnono. Aliinua macho, akawaona waliokuwa wakijaza michoro ya katikati.

Baada ya Disney alifanya kazi katika karakana ya UPA, iliyokuwa ikitafuta mtindo mpya wa michoro iliyorahisishwa, na alikuwa mmoja wa wachoraji wa filamu fupi ya Rooty Toot Toot, iliyoongozwa na John Hubley. Kisha kwa miaka mingi alitengeneza katuni za matangazo ya biashara. Wengi wangesema kwamba jua lake lilikuwa limekwisha kuchwa. Lakini kwa maoni yetu, sisi walimu, kazi yake kubwa kabisa ilikuwa bado mbele.

Mwaka 1973 Richard Williams, tuliyemtaja hapo juu, alikuwa na karakana yake mjini London. Mwaka huohuo alipokea tuzo ya Oscar kwa filamu yake ya A Christmas Carol. Mtu wa namna hiyo angeweza kujiona amefika. Badala yake alimwita Babbitt, aliyekuwa na umri wa miaka 65, akasimamisha shughuli za karakana, akaketi pamoja na wafanyakazi wake kufundishwa upya. Babbitt aliwafundisha mambo ambayo mtu aweza kudhani ni ya kitoto: namna mtu anavyotembea, namna uzito unavyohama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Aliwafundisha kwamba mkono haunyooki wote kwa pamoja. Kiungo kimoja hutangulia, kinachofuata hukawia kidogo, na vidole humalizia, na katika kukawia huko ndimo ulaini wa mwili ulimo. Aliwafundisha pia kwamba baada ya kuijua kanuni, mchoraji ana ruhusa ya kuivunja. Yeye mwenyewe alipata kumtembeza Goofy nyayo zikiwa zimegeuzwa kuelekea nyuma, na mtazamaji asione ila mwendo wa kuchekesha.

Mafunzo hayo hayakuishia pale London. Williams aliongoza uchoraji wa katuni katika filamu ya Who Framed Roger Rabbit ya mwaka 1988, akafundisha wengine, akaandika kile kitabu cha mwaka 2001. Na nakala moja ya kitabu hicho ikasafiri hadi katika maktaba ya chuo cha ualimu, ikafunguliwa na mkufunzi ambaye hakuwa akitafuta lolote kuhusu katuni. Ndiyo maana twasema mwalimu hajui mafundisho yake yatakwenda kuishia wapi. Hajui vilevile dhihaka yake itaishia wapi.

Kutokana na haya tumeanzisha zoezi dogo kwa wanachuo wetu wanaokwenda mazoezi ya kufundisha. Tunaliita zoezi la ukurasa mmoja. Kila mwanachuo humchagua mwanafunzi mmoja, humtazama kwa juma zima bila kumwambia, kisha huandika ukurasa mmoja juu yake. Anaingiaje darasani? Hufanya nini akikosea? Mikono yake hufanya nini wakati haiandiki? Huzungumza na nani, na hunyamaza mbele ya nani? Ukurasa ukishaandikwa, tunamtaka mwanachuo achukue kalamu nyekundu na kulifuta kila neno ambalo hakuliona kwa macho yake. Neno “mvivu” hufutwa, kwa maana uvivu hauonekani. Kinachoonekana ni mtoto aliyelaza kichwa juu ya dawati saa nne asubuhi, na hilo huzaa swali: kwa nini? “Mtundu” hufutwa. “Mshamba” hufutwa. “Mzito” hufutwa.

Mara ya kwanza karibu ukurasa mzima huwa mwekundu. Mwanachuo mmoja alikuwa amemweleza msichana fulani kuwa ni mzembe asiyenakili kazi. Baada ya kulifuta neno, alilazimika kurudi kutazama. Aligundua kwamba binti huyo hunakili kutoka katika daftari la jirani, kamwe si kutoka ubaoni, na kwamba anapotazama ubao hukunja uso. Alimhamishia dawati la mbele. Hatusemi kwamba tangu hapo aliongoza darasa. Tunasema kwamba alianza kunakili.

Wanachuo wengine hutupinga, na wana haki. Mmoja alituuliza, “Mwalimu, darasa nililopewa lina watoto 90. Nikimtazama mmoja, hao 89 nimwachie nani?” Swali hili hatuna jibu lake kamili, wala hatutajifanya kuwa nalo. Tulilo nalo ni hili: wachoraji waliokusanyika nyumbani kwa Babbitt hawakumchora kila mtu wa mjini Los Angeles. Walimchora mtu mmoja, wakamchora vizuri, na kesho yake jicho lao lilikuwa jepesi zaidi kwa kila mtu waliyepishana naye njiani. Mwalimu aliyemtazama mtoto mmoja kwa juma moja humtazama wa pili kwa siku tatu, na wa tatu huanza kumwona siku ileile. Na hata asipowafikia wote 90, walau atasita kabla ya kuandika katika ripoti neno ambalo hakuliona.

Kuna jambo la mwisho. Kila mwaka, kabla ya kuwasimulia wanachuo habari za Babbitt, tunawagawia karatasi ndogo zilizobanwa pamoja, tunawaagiza wachore kuku anayekimbia, mchoro mmoja katika kila karatasi, hata wakizipitisha kwa kidole gumba kuku aonekane akienda. Ni zoezi gumu. Kuku wa wengine hurukaruka mahali pamoja, wengine hurudi nyuma, na wengine mguu mmoja hupotea njiani. Watu wazima, wenye vyeti vya sekondari, huomba muda zaidi. Wakikata tamaa huuliza iwapo kuna mtu awezaye kulifanya zoezi hilo bila kuonyeshwa.

Tunawajibu kwamba yuko mmoja tuliyepata kumfundisha. Ukurasa wake hatuwezi kuuandika, kwa sababu hatukumtazama. Tunakumbuka tu kwamba aliketi nyuma, karibu na dirisha, na kwamba alikuwa na umri wa miaka tisa.